Plaiwudi ya lachi imeadimika: ya kununua badala yake, na ufa wa kukagua kabla ya kulipa

Malalamiko ni yale yale. Paneli ya ukutani imepigwa msasa vizuri, ikapakwa vanishi mikono mitatu, ikang'aa. Miezi kadhaa ya joto na unyevu ikapita, na sasa uso mzima una nyufa nyembamba kama unywele, zote zikifuata nyuzi za mti. Fundi analaumiwa, vanishi inalaumiwa. Mara nyingi kosa lilikuwa ndani ya ubao tangu kiwandani.

Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku mbao za Urusi mwezi Aprili 2022, soko lake lilipoteza plaiwudi ya lachi ya Siberia, mti wa jamii ya misonobari, ile yenye rangi ya asali na mistari mizito. Watu wanatafuta mbadala, na wengi wanachagua kwa kuhesabu vifundo. Vifundo mtu anaviona mwenyewe. Kisichoonekana ni ufa wa kisu.

Gogo huzungushwa huku kisu kirefu kikilimenya kama chungwa, vinia, yaani tabaka jembamba la mbao, ikitoka utepe mmoja mrefu. Utepe huo hutoka umejikunja. Ukinyooshwa, upande uliogusana na kisu hupasuka vipasuko vidogo vingi, na upande wa pili hubaki mzima. Vinia ikiwa nene, vipasuko huingia ndani zaidi. Plaiwudi nyingi za mbao laini zina vinia ya uso ya milimita 2 hadi 3, na kipasuko kinaweza kupita nusu ya unene huo. Kiwanda kinachojali hulowesha gogo kwenye maji moto, hugandamiza vinia mbele kidogo ya kisu, kisha huibandika kwa gundi upande mzima ukitazama nje. Kisichojali hupiga msasa uso ukapendeza, na kila unga unaoondoka unakisogeza kipasuko karibu na macho yako.

Kukagua ni rahisi. Tazama ubavu uliokatwa kukingama nyuzi za uso; kwa ubao wa kawaida wa milimita 1220 kwa 2440 huwa ni ule ubavu mfupi. Lainisha sehemu ndogo kwa msasa namba 240, pitisha wino mwepesi, ufute. Kwa lenzi utaona vistari vilivyolala mshazari ndani ya vinia ya juu. Midomo yake ikitazama gundi, sawa. Ikitazama nje, rudisha ubao. Kama unanunua mbao nyingi, omba kipande: kiloweshe kwa sifongo, kikaushe karibu na joto, rudia mara tatu, kisha kimulike kwa tochi kutoka pembeni. Ufa ambao ungejitokeza baada ya msimu mzima utauona siku hiyo hiyo.

Sasa mpangilio wangu wa mbadala.

Namba moja ni paini ya radiata, na sifichi kwamba naipendelea AraucoPly ya Chile. Radiata ina umbile tulivu: tofauti kati ya mbao iliyokua mwanzo wa msimu na iliyokua mwisho wake si kali, hivyo humenyeka kwa usawa. Udhaifu wake ni rangi. Ukiipaka rangi ya mbao moja kwa moja hunywa kwa mabaka. Tanguliza mkono mmoja wa shelaki (vanishi ya asili) isiyo na nta, iliyozimuliwa nusu kwa nusu kwa spiriti, iache ikauke, pitisha msasa 220 kwa mkono mwepesi, ndipo upake rangi. Anayetaka ile asali ya lachi ataikaribia hivyo.

Namba mbili ni ubao wenye uso wa vinia ya mti wa Douglas iliyokatwa kwa kisu vipande bapa, si kwa kumenywa. Vinia hiyo ni nyembamba, karibu nusu milimita, na vipasuko vyake ni vifupi. Mistari yake imenyooka na inapendeza kuliko yote niliyotaja. Lakini mashine ya msasa isiiguse. Tumia mkono, namba 180 au 220, vinginevyo utatokea kwenye gundi.

Namba tatu ni sprusi ya Finland, nyeupe na tulivu. Vifundo vyake vidogo vyeusi vinaweza kudondoka, basi vigonge kwa kucha na uvitie gundi mapema.

Douglas ya kumenywa naiweka mwisho, ingawa michoro yake inavutia mno. Mikanda yake migumu na milaini hucheza tofauti unyevu unapobadilika, na ufa wa kisu hufunguka hapo hapo. Ikilazimu, chagua mafuta yanayozama badala ya vanishi ngumu, maana kwenye vanishi ngumu kila ufa huonekana kama mstari mweupe.

Paini ya bei ya chini ya ujenzi ifanye kazi ya nyuma ya kabati.

Yoyote utakayochukua, ilaze bapa juu ya vijiti ndani ya chumba itakapokaa, angalau saa 48, hewa ipite pande zote. Paka uso wa mbele, wa nyuma na mbavu kwa idadi ileile ya mikono. Ukiacha nyuma tupu, ubao hupinda.

Na wauzaji wabadilike. Herufi B au C kwenye bei huzungumzia vifundo na viraka, haisemi neno kuhusu vipasuko, na bado unaambiwa "hii ni daraja la juu" na bei imepanda kwa sababu ya uhaba. Viraka vya plastiki havinywi rangi ya mbao, lakini mteja haambiwi mpaka amepaka. Unauziwa milimita 18, kalipa, kile kipimio cha unene, inasoma 17, na mfereji uliouchonga kwa 18 unacheza. Ukiomba kuona ubavu uliokatwa karibuni, unaonekana msumbufu. Omba hata hivyo, na pima pembe zote nne kabla ubao haujapakiwa.