Photojournal ya NASA: ghala la picha ninalolitegemea darasani

Kama unafundisha, au unapenda tu mambo ya anga, acha kuokoteza picha za sayari kwenye magrupu ya WhatsApp. Nyingi zimeongezwa rangi, zimekatwa pembeni, na hakuna anayejua zilipigwa na chombo gani. Nenda Photojournal, ghala la picha la JPL, maabara ya NASA, shirika la anga la Marekani. Ni bure, halikudai usajili, na kila picha ina namba yake.

Anza na PIA06064. Hiyo ni Phoebe, mwezi mdogo wa Zohali wenye upana wa kilomita 213 hivi, unaoizunguka sayari yake kinyume na miezi mikubwa, karibu kilomita milioni 13 kutoka kwake. Mwaka 1981 chombo cha Voyager 2 kiliupiga picha kutoka kilomita milioni 2.2, ukatokea kidoa chenye upana wa pikseli (nukta za picha) 11 hivi. Chombo cha Cassini kikaupitia kwa umbali wa kilomita 2,068 tu tarehe 11 Juni 2004, wiki tatu kasoro kabla hakijaanza kuizunguka Zohali. Tarehe ya kuwasili ilipangwa makusudi ili Phoebe iwe njiani, kwa sababu baadaye chombo kisingefika tena huko nje.

Picha hii ni mbili zilizounganishwa, zilizopigwa kutoka kilomita 32,500 hivi, na pikseli moja ni kama mita 190. Niliirusha ukutani kwa projekta. Wanafunzi walikuwa wakihesabu kasoko, yaani mashimo yaliyochimbwa na vimondo, mara binti mmoja wa viti vya nyuma akauliza: "Mwalimu, huo weupe kwenye ukuta wa shimo ni mwanga wa jua au kuna kitu pale?"

Swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimeandaa! Nikawatafsiria maelezo yaliyo chini ya picha. Yanasema udongo mweusi wa juu unaonekana kuporomoka kwenye kuta za baadhi ya kasoko na kuacha wazi kitu cheupe, pengine barafu. Papo hapo yanaeleza kwamba sehemu nyingine, hasa chini kulia, zimezidiwa na mwanga wakati wa kupiga. Basi majibu yote mawili yalikuwa na nafasi yake, na kipindi chote kikaisha tunabishana ni weupe upi ni upi. Picha iliyorembwa isingetupa ubishi ule. Hapo ndipo ninapolipatia ghala hili nyota tano.

Ukimaliza Phoebe tafuta Pan, mwezi mwingine wa Zohali, uliopigwa picha na Cassini Machi 2017: kitumbua kitupu, na ukingo wake mwembamba katikati! Wanangu waliupenda mno.

Maelezo yote ni ya Kiingereza, tena kizito kwa kidato cha kwanza, kwa hiyo mwalimu ajiandae kutafsiri kabla ya kuingia darasani. Kwa simu yenye bando dogo, pakua faili la JPEG, lile dogo, inatosha. Kwa projekta au kuchapisha, chukua TIFF, faili kubwa zaidi, kwa sababu haipotezi ubora kama JPEG, na ukiikuza ukuta wa kasoko utauona vizuri mpaka kwenye michirizi. Ukiibandika kwenye ubao wa shule, andika chini yake wenye picha: NASA/JPL/Space Science Institute.