DVR ya kamera za ulinzi: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Ukizunguka maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya Luthuli Avenue, Nairobi, utakuta maboksi mengi ya DVR (mashine ya kurekodi picha za kamera) yameandikwa 1080p, na bei zinapishana mno. Tofauti imo ndani, na muuzaji hana haraka ya kuitaja. Kabla ya kuuliza bei, uliza kama DVR inarekodi 1080p kamili au 1080N. Hiyo N maana yake ni upana wa pikseli 960 badala ya 1920. Picha huvutwa ijaze kioo, hivyo kwa mbali inapendeza, ila ukikuza kusoma namba ya gari unaambulia ukungu.

Chaguo la kwanza kwa nyumba au duka la kawaida ni DVR ya chaneli 8 yenye 1080p kamili na mfumo wa kubana video wa H.265, inayopokea TVI, CVI, AHD (mifumo ya picha ya HD kwa waya wa koaksia), kamera za zamani za analojia na za IP (za mtandao). Hata kama leo unafunga kamera 4, chukua ya 8. Geti la nyuma na stoo vitakuja tu, na chaneli 4 zikishajaa unanunua mashine upya. Kupokea aina zote hizo kunakuokoa siku kamera moja ikifa na dukani ikawepo ya kampuni nyingine.

La pili ni NVR (mashine ya kurekodi kamera za IP) yenye PoE, yaani umeme unaopita kwenye waya wa mtandao. Waya mmoja wa mtandao wa Cat6 hubeba picha na umeme hadi mita 100. Kama nyumba bado inajengwa na kuta hazijapigwa plasta, hili linapanda juu kabisa. Tunaliweka la pili kwa sababu kamera zake ni ghali zaidi, na koaksia iliyokwisha kufukiwa ukutani haichomeki humo moja kwa moja.

La tatu ni DVR ya chaneli 4, inayofaa kibanda chenye mlango mmoja na droo ya fedha. La nne ni kamera za Wi-Fi za kadi ya kumbukumbu: nzuri kumwangalia mtoto chumbani, lakini nje ya nyumba mwizi akiing'oa ameondoka na ushahidi wote.

Mwisho wa foleni ni seti zisizo na jina, zenye nyaya nyembamba za mita 18 na adapta moja inayogawa umeme kwa kamera zote. Mchana zinafanya kazi vizuri. Usiku taa za infraredi zikiwaka, kamera hunywa umeme zaidi, volti zinashuka njiani, na picha inacheza au inapotea. Watu hulaumu kamera bure. Dawa ni koaksia ya RG59 yenye waya za umeme pembeni, pamoja na pawa saplai ya 12V 10A kwa kamera 8. Kwangua waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Usiichukue kwa masafa marefu.

Diski ya kuhifadhia picha ndiyo inayochakachuliwa kuliko kitu kingine. Dai diski ya ulinzi, kama WD Purple au Seagate SkyHawk, maana ile ya kompyuta haikuundwa kuandika usiku na mchana. Ukishaifunga, fungua menyu ya DVR sehemu ya S.M.A.R.T. (ripoti ya afya ya diski) uone saa ilizokwisha kufanya kazi. Mpya inaonyesha sifuri au saa chache. Ikionyesha 20,000, umeuziwa mtumba kwa bei ya mpya.

Ukubwa wake haukisiwi. Kila Mbps 1 (megabiti kwa sekunde) ya kurekodi ni GB 10.8 kwa siku. Kamera 8 zikirekodi muda wote kwa Mbps 2 kila moja zinakula takriban GB 173, hivyo TB 2 inajaa kwa siku 11. Ukiwasha H.265 na kushusha kila kamera hadi Mbps 1 kwa fremu 15 kwa sekunde, unapata kama siku 22 bila kuongeza shilingi.

Kwenye kupanga, anza na saa: GMT+3, na zima kipengele cha majira ya kiangazi (DST, kinachosogeza saa mbele), hakituhusu. Kama tarehe inarudi nyuma kila umeme ukikatika, badilisha betri ndogo ya ndani, mara nyingi CR2032. Weka nenosiri lako mwenyewe, na usimruhusu fundi kufungua poti za ruta (njia za kuingilia kutoka intaneti) ili uangalie kwa simu. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka DVR na kamera nyingi zilizoachwa na nenosiri la kiwandani. Tumia msimbo wa QR wa programu ya kampuni. Kwenye simu chagua mkondo mdogo (picha ya ubora wa chini): kwa kbps 512, saa moja inakula kama MB 230 za bando.

Urekodi wa mwendo uchorewe eneo: acha nje matawi na barabara, na fagia utando wa buibui mbele ya lenzi, kwani usiku unang'aa na kuita tahadhari hadi asubuhi.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambie atafute tukio la saa moja iliyopita, alinakili kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, kisha lifunguliwe kwenye kompyuta. Likikataa kufunguka, kazi haijaisha.