Uzoefu wangu: miaka tisa na Dacia Logan la 2006

Wiki ya kwanza sikujua honi iko wapi. Gari la mbele lilikuwa linarudi nyuma taratibu kuja kwangu, nami nagonga katikati ya usukani kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Bahati mwenye gari akaniona kwenye kioo akasimama. Jioni nikafungua kile kitabu kinachokuja na gari: kwenye Logan za mwanzo, honi iko kwenye ncha ya kijiti cha indiketa, upande wa kushoto, unakibonyeza kwa ndani. Ni mtindo wa magari ya zamani ya Kifaransa. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nimenunua nini hasa.

Nililinunua mwaka 2013 kwa mzee mstaafu aliyekuwa akilitoa mara mbili kwa wiki. Injini ya petroli ya cc 1390, hosipawa 75, gia tano za mkono, kilomita 61,000. Halikuwa na kiyoyozi, halikuwa na pawa stelingi, vioo vya milango ni vya kuzungusha kwa mkono. Fedha niliyokuwa nayo ingenipatia ama hili lenye miaka saba, ama Golf lenye miaka kumi na minne lililopita mikononi mwa watu ambao hakuna aliyeweza kuwataja. Nikachukua hili.

Mjomba wangu, ambaye kwake gari ni Toyota na mengine yote ni vyombo tu vya kumfikisha mtu, alinipigia simu. "Dacia ndiyo nini tena, mjomba? Si jina la dawa hilo?"

Ni jina la nchi. Warumi waliliita hivyo eneo ambalo leo, kwa sehemu kubwa, ni Romania. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1966 huko Mioveni, karibu na mji wa Pitești. Waromania walikuwa wameelewana na Renault waunde Renault 12, lakini gari hilo lilikuwa bado halijakamilika hata huko Ufaransa, kwa hiyo wakaanza kwa muda na Renault 8 wakaliita Dacia 1100. La kwanza lilitoka Agosti 1968, akakabidhiwa Nicolae Ceaușescu, kiongozi wa Romania wakati huo. Mwaka uliofuata likaja lile walilolitaka tangu mwanzo, Dacia 1300. Na likishafika halikuondoka. Wakabadilisha taa, bampa na dashibodi, wakaliita 1310, lakini mifupa ni ile ile, mpaka mwaka 2004. Miaka 35, karibu magari milioni 2. Katikati walijaribu pia kigari kidogo cha bodi ya plastiki, Lăstun, huko Timișoara. Hakikudumu, na waliokuwa nacho wanakizungumzia kama watu wanavyomzungumzia punda mkaidi.

Haya mengi sikuyapata kitabuni. Niliyapata kwa mzee mmoja Mromania aliyekuwa akiegesha gari lake karibu na langu. Baba yake alilipia Dacia 1300 akasubiri miaka kulipata. Miaka ya 1980 petroli ilipokuwa ya mgawo, Jumapili moja waliruhusiwa kutembea wenye pleti namba shufwa, Jumapili nyingine wenye witiri, na familia zilizopendana zilikuwa zinapanga ziara kwa kutazama namba za gari. Buti lao halikubeba mizigo, lilibeba vipuri: plagi, mkanda wa feni, pampu ya petroli, waya. Kila mwanamume mtaani kwao alikuwa fundi kwa lazima. Mara ya kwanza kuliona Logan langu mzee alilizunguka, akafungua boneti bila kuniomba, akachungulia kwa muda, kisha akasema: "Hili halihitaji nyundo." Sijasoma tathmini nyingine ya gari hili iliyoipita hiyo.

Tofauti kati ya gari la baba yake na langu ilianza mwaka 1999, Renault ilipoinunua Dacia kwa asilimia 51. Mkuu wa Renault wakati huo, Louis Schweitzer, alikuwa ameona Urusi jinsi Lada za muundo wa zamani zilivyokuwa zikinunuliwa kwa wingi kwa sababu ya bei tu. Akaagiza litengenezwe gari jipya, la kuaminika, lenye nafasi, la euro 5,000. Ndilo Logan, lililotoka mwaka 2004. Lilikusudiwa nchi ambazo fedha ni ya kuhesabu, lakini Ulaya Magharibi nako wakalitaka, na mwaka 2005 likaanza kuuzwa huko. Mwaka 2009 serikali ya Ujerumani ilipotoa euro 2,500 kwa kila anayepeleka gari kuukuu kwenye chuma chakavu na kununua jipya, watu wengi walikimbilia Dacia, kwa kuwa kwenye gari rahisi ruzuku ile ilionekana zaidi.

Sasa, sisi husema rahisi ni ghali, na mara nyingi inakuwa kweli, kwa sababu anayeuza kwa bei ya chini amechukua kitu kile kile akakitengeneza vibaya. Waliobuni Logan walifanya hesabu nyingine. Kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma, cha kushoto na cha kulia, ni umbo moja, kwa hiyo kiwandani unahitajika muundo mmoja tu. Kioo cha mbele hakijapinda sana, maana kioo kilichopinda ni ghali kukitengeneza. Dashibodi ni kipande kimoja kikubwa cha plastiki ngumu, na ukiigonga inatoa sauti ya ndoo. Kiti cha nyuma hakilali. Vingine havikuwekwa kabisa. Lakini injini, gia na sehemu kubwa ya mambo ya chini ni vya familia ya Clio, gari dogo la Renault, vitu vilivyokwishakimbia mamilioni ya kilomita kwenye magari ya watu wengine kabla ya kuja kwangu.

Hilo la mwisho ndilo lililoniokolea fedha kwa miaka yote tisa, na ningelijua mapema nisingebishana na mjomba kuhusu jina. Ukienda duka la vipuri ukasema "Dacia", muuzaji anaweza kukutazama tu. Ukisema "injini ya Clio 1.4 ya valvu nane", anageuka na kukuletea. Brekipedi, plagi, koili, klachi, vichungi vya mafuta na hewa: sikuwahi kusubiri kitu zaidi ya siku moja. Na ukifungua boneti unaona ardhi. Mkono unaingia. Plagi nilikuwa nazibadilisha mwenyewe kwa dakika ishirini, na taa ya mbele bila kufungua bampa, jambo ambalo kwa magari mengi ya siku hizi ni kazi ya gereji.

Mafuta: karibu lita 7 kwa kilomita 100, yaani kama kilomita 14 kwa lita moja. Mjini bila pawa stelingi likawa lita 7 na mabega. Kuliegesha katikati ya magari mawili ni mazoezi, na mke wangu alikataa kuliendesha mwaka mzima wa kwanza, akasema yeye hakuolewa na trekta. Likishaanza kwenda usukani unakuwa mwepesi, lakini pale linaposimama, pole yako.

Barabara kuu ni habari nyingine. Hadi kilomita 100 kwa saa mnazungumza. Ikipita 120 mnapaza sauti. Ukitaka kulipita lori mlimani, panga mapema, rudi gia ya tatu, na uwe na subira. Buti lakini! Lita 510. Tulihama nyumba kwa buti hilo, safari kumi na moja, isipokuwa kitanda, kwa sababu ya kile kiti kisicholala. Na shokapu zake ni za kubeba, laini na ndefu, zimebuniwa kwa barabara mbovu, kwa hiyo matuta na mashimo yanayowafanya wenye magari ya chini wapunguze mwendo mimi nilikuwa nayapita nikiendelea na hadithi.

Kero kubwa niliyoipata ilitoka gereji, na gari halikuwa na hatia. Kwenye injini hii pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, kwa hiyo mwenye akili akibadilisha mkanda anabadilisha na pampu, maana kazi ya kufungua ni ile ile. Mimi nilijiwekea kilomita 60,000 au miaka minne, lolote litakalotangulia, kipimo ambacho mafundi wengi wa gari hili hukishika. Mara ya kwanza nilipeleka gereji moja iliyonipa bei nzuri. Bei ilikuwa nzuri kwa sababu pampu waliiacha ya zamani bila kuniambia. Baada ya miezi minane nikaona tone la maji ya rangi chini ya gari, upande wa mkanda. Fundi mwingine akafungua akanionyesha: pampu inavuja juu ya mkanda mpya, na mkanda umeshaanza kumomonyoka ukingoni. "Ungechelewa mwezi," akasema, hakumaliza sentensi. Nikalipa ufundi mara mbili. Tangu siku hiyo sitaki kuambiwa kazi imekwisha, nataka kuonyeshwa kipuri cha zamani kikiwa mezani.

Vingine vilivyokufa ni vya kuchakaa tu: bushi za mbele, seti moja ya shokapu, betri mbili, ekzosi ya nyuma. Kutu ilianza kidogo kwenye ukingo wa milango, nikaipiga msasa na rangi.

Jambo ambalo sikulisamehe ni usalama, na hapa siwezi kulitetea gari kwa sababu nalipenda. Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari Ulaya, ilipolipima mwaka 2005 Logan lilipata nyota 3, wakati magari mengine mengi yalikuwa yanapata nne na tano. Langu halikuwa na mifuko ya hewa ya pembeni wala mfumo wa kulizuia lisiteleze. Nilipokuwa peke yangu sikufikiria. Binti yetu alipozaliwa nikaanza kufikiria kila ninapoingia barabara kuu, na mwaka 2022, likiwa na kilomita 198,000 na injini isiyokunywa hata tone la oili, nikaliuza.

Kabla ya kununua lingine nilirudi kutazama Dacia wamefika wapi. Sandero limekuwa tawi kubwa la ukoo tangu 2008, na Duster tangu 2010. Kiwanda cha Tangier, Moroko, kilifunguliwa mwaka 2012, na Sandero zinazouzwa Ulaya kwa sehemu kubwa zinatoka huko. Mwaka 2024 Sandero ndilo gari jipya lililouzwa kuliko yote Ulaya, na nakiri nilitabasamu peke yangu kwamba limeundwa Afrika. Hata hivyo Sandero hilo hilo lilipata nyota 2 kwa Euro NCAP mwaka 2021, safari hii sababu kubwa ikiwa ni vifaa vya kumsaidia dereva ambavyo halikuwa navyo, na kwa mtu aliyeuza Logan kwa sababu ya mtoto hilo si jambo dogo.

Tulilijaribu moja jipya. Usukani mwepesi, kuna skrini, viti vya nyuma vinalala, honi iko katikati ya usukani. Lilianza kulia kidogo nilipopita kikomo cha mwendo kwa kilomita mbili, kwa kuwa sasa sheria ya Ulaya inataka hivyo kwa magari mapya, na kuna kitufe cha kunyamazisha kengele hizo unachokibonyeza mara mbili kila unapowasha gari. Mke wangu alikijua kabla yangu. Aliendesha kwenda na kurudi, akaegesha katikati ya magari mawili kwa mkono mmoja, akanitazama bila kusema kitu. Bado tunajadiliana.