Wikivoyage kama darasa la mwandishi wa safari: inanoa wapi, inapwaya wapi

Kozi nyingi za uandishi wa safari mtandaoni hulipisha, halafu somo kubwa linakuwa namna ya kuongeza wafuasi. Wikivoyage hailipishi, na wafuasi wako haiwajui. Ni mwongozo wa safari unaoandikwa na watu wa kujitolea, ulioanza kwa Kijerumani mwaka 2006 na kuingia chini ya Wikimedia, walezi wa Wikipedia, Januari 2013. Hapa tunaupima kwa jambo moja: unamsaidia kiasi gani mwanablogu anayetaka asomwe na mtu aliyekwisha kukata tiketi?

Kwa taarifa, unasaidia sana. Kwa masimulizi, karibu hakuna kitu.

Nguvu yake imo ndani ya kigezo, yaani fomu ya kujaza, cha kuorodhesha mahali. Kila mgahawa, gesti au jumba la makumbusho lina visanduku vyake: jina, anwani, maelekezo, simu, saa za kufungua, bei, majiranukta (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani), halafu ndipo maelezo. Kisanduku kikibaki kitupu kinakuumbua. Aliyezoea kuandika "tulifika, tukala samaki mtamu, tukaondoka" anagundua papo hapo kwamba bei hakuuliza, na kama wanafunga Ijumaa mchana hajui.

Chukua Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu kusini mwa pwani ya Tanzania. Blogu zinapenda kuanza na Msikiti Mkuu na kumalizia na machweo. Msafiri anataka kwanza kujua kwamba kibali kinachukuliwa Kilwa Masoko, upande wa bara, kabla ya kupanda mashua. Ukurasa wa Wikivoyage, ukishapita maelezo ya utangulizi, unaanza na namna ya kufika, kisha namna ya kuzunguka, na vya kuona vinafuata baadaye. Mpangilio huo peke yake unatibu nusu ya makala mbovu za safari. Hata treni ya SGR ya Mombasa: kuandika "inakufikisha Mombasa" hakutoshi, kwa kuwa stesheni iko Miritini, mbali na katikati ya mji, na abiria anahitaji usafiri mwingine.

Kwenye majiranukta ndiko wengi wanakoharibu. Mfumo unataka desimali, na kusini mwa ikweta lazima uweke alama ya kutoa. Kilwa Kisiwani iko nyuzi 8 dakika 57 kusini, nyuzi 39 dakika 31 mashariki. Gawa dakika kwa 60, unapata lat (latitudo) -8.95 na long (longitudo) 39.517. Ukisahau alama ya kutoa, kisiwa kinahamia Ethiopia. Ukizibadilishia nafasi namba hizo, magofu ya Kilwa yanatua Ureno (Wareno waliyafuata wenyewe mwaka 1505, lakini hiyo ni habari nyingine). Desimali mbili zinatosha kwa kisiwa, maana tarakimu ya mwisho ikibadilika kwa moja, unasogea kama kilomita moja. Kwa mgahawa wa uchochoroni Mji Mkongwe weka nne, ambapo unasogea kama mita 11 tu.

Saa nazo ni mtego, hasa kwetu. Mwenye duka akisema anafungua saa 2 asubuhi, kwenye kisanduku andika 08:00. Anayetafsiri kwa haraka huandika 02:00, na mgeni anabaki akishangaa duka gani hilo linalofunguliwa usiku wa manane. Kwenye bei, taja sarafu, na utenganishe ya mkazi na ya mgeni palipo na tofauti. Kigezo kina pia sehemu ya tarehe ya kuhaririwa mara ya mwisho. Blogu nyingi hazina kitu hicho, ndiyo maana bei za miaka sita iliyopita bado zinazunguka kama mpya.

Wahariri wake ni wakali kwa lugha ya matangazo. "Paradiso", "hazina iliyofichika", "kila mtu atapata akipendacho" hazidumu. Maneno hayo yangebandikwa Diani, Nungwi au Bagamoyo na hakuna ambaye angejua tofauti. Wana pia kanuni ya "vitu saba, kuongeza au kupunguza viwili" kwa kila orodha: orodha ikizidi tisa, punguza au igawe kwa mitaa au kwa bei. Mwenye makala ya "sehemu 30 za kula Zanzibar" atakereka, na akereke tu, maana aliyeorodhesha zote hajachagua.

Kasoro zipo. Kiswahili hakina toleo lake, hivyo utaandika kwa Kiingereza au Kifaransa. Kuhariri vigezo kwa simu kunachosha, tafuta kompyuta. Anwani za IP (namba zinazotambulisha kifaa mtandaoni) za mitandao ya simu, kwa kuwa zinatumiwa na watu wengi pamoja, wakati mwingine huwa zimefungiwa, kwa hiyo fungua akaunti mapema. Jina lako halikai juu ya makala, linabaki kwenye historia ya ukurasa. Viungo vya blogu yako vitafutwa, usiende huko kuvitafutia nafasi. Maandishi yako yanatoka chini ya leseni ya CC BY-SA, yaani yeyote anaweza kuyatumia hata kibiashara alimradi ataje chanzo na atoe kazi yake kwa leseni hiyohiyo. Aya unayotaka kuiuza kwa gazeti usiiweke. Na usinakili tovuti ya hoteli, hiyo hufutwa.

Namna nzuri ya kuutumia ni kuchagua mji unaoufahamu ambao ukurasa wake ni mwembamba. Jaza kwanza sehemu ya kufika: basi linaondokea wapi, linachukua saa ngapi, nauli kiasi gani. Ongeza maeneo matano au sita yenye visanduku vilivyojaa. Baada ya wiki moja fungua historia ya ukurasa usome nani amekata nini, pamoja na sababu aliyoandika. Huo ni uhariri wa bure, ingawa kwenye kurasa zisizotembelewa sana unaweza kusubiri miezi bila mtu kugusa kitu.

Kisha hamishia visanduku hivyohivyo chini ya kila makala ya blogu yako, na simulizi ibaki juu.

Alama: 4 kati ya 5 kwa taarifa, 1 kwa masimulizi.