Kifaa cha GPS kwa Mtumbwi wa Sangara: Bei, Kodi na Setilaiti Tusizozilipia

Kifaa ninachokitathmini hapa ni kile kidogo cha kushika mkononi, chenye kioo kisichozidi ukubwa wa kiberiti na vitufe ubavuni, ambacho kinauzwa jijini Mwanza katika baadhi ya maduka ya zana za uvuvi na ya vifaa vya elektroniki kwa majina tofauti ya watengenezaji. Kazi yake ni kupokea mawimbi ya setilaiti, kukokotoa mahali mtumbwi ulipo, na kumwonyesha nahodha mwelekeo na umbali wa alama aliyoiweka. Tulikinunua kwa shilingi laki nne na ushee kwa ajili ya mtumbwi wa familia unaotega sangara kutokea upande wa Ilemela. Baada ya msimu mzima wa kukitumia naweza kusema kwamba kinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, kwamba kimepungukiwa na mambo yenye uzito kwa mtu wa Ziwa Victoria, na kwamba suala la bei yake ni pana kuliko linavyoonekana dukani.

Kikiwashwa mahali peupe hupata setilaiti za kutosha baada ya muda mfupi, na kuanzia hapo kosa lake ni la mita chache tu, kiasi ambacho mtu anayetafuta boya lake saa kumi usiku hana sababu ya kulinung'unikia. Betri zake ni mbili ndogo za kawaida, zile zinazopatikana hata katika kibanda cha mwaloni (ufuko wa kushushia samaki), na zinamaliza usiku mzima zikiwa bado na nguvu. Mvua na mawimbi hakivijali. Hata hivyo, hakielei, na hilo muuzaji hasemi mpaka aulizwe. Sisi tumekifunga kwa kamba kwenye kipande cha boya. Menyu yake haina Kiswahili, ingawa vijana wa mtumbwini waliizoea haraka kuliko mimi niliyesoma kitabu cha maelekezo.

Upungufu wa kwanza aliuona nahodha wetu, mzee aliyezoea kujipima kwa vilima vya Mwanza na vilele vya visiwa mchana, na kwa nyota na taa za nchi kavu usiku. Alikitazama, akakigeuzageuza, akasema, "Mwanangu, mashine hii inajua ulipotega. Haijui wavu ulipo." Yuko sahihi kabisa. Wavu unaoelea husukumwa na upepo na mkondo, kwa hiyo alama ya jana jioni inakupeleka mahali ambapo wavu ulikuwapo, na kutoka hapo bado unahitaji mtu anayejua upepo wa usiku ule umevuma kutoka wapi. Upungufu wa pili ni ramani. Ziwa lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 limechorwa ndani ya kifaa kwa mstari wa mwambao uliokatwakatwa. Vina havimo, miamba iliyojificha chini ya maji haimo, na visiwa vidogo vingi vimeachwa. Asiyeujua mwambao asitegemee kifaa hiki kumwepusha na mwamba.

Upungufu wa tatu ndio mzito zaidi: hakisemi lolote kuhusu hali ya hewa, katika ziwa ambalo dhoruba zake za radi za usiku huua watu kila mwaka. Kwa hilo bado tunategemea utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambao nao umejengwa kwa sehemu juu ya picha za setilaiti za Meteosat za Ulaya, zinazotazama Afrika kutoka umbali wa takriban kilomita 36,000.

Wengi wataniuliza kwa nini mtu asitumie simu yake. Swali ni la haki, kwa kuwa simujanja nayo hupokea mawimbi hayohayo, na huyapokea hata mahali pasipo mtandao, mradi ramani iwe imepakuliwa kabla. Kwa mwenye kuvua karibu na ufuko, simu inatosha. Kwa mwenye kulala ziwani, kioo cha kugusa kisichotii kidole chenye maji na magamba, pamoja na chaji inayokwisha kabla ya alfajiri, vinatosha kuhalalisha kifaa cha pekee.

Sasa bei. Katika laki nne zile tumelipia plastiki, kioo, kipokezi, usafirishaji, faida ya mfanyabiashara na kodi. Hatujalipia setilaiti hata senti moja, ilhali bila setilaiti kifaa hiki hakina maana yoyote. Jambo hili ndilo lililozua mjadala mrefu mwaloni, kwani mmoja wa matajiri wenzetu, yaani wenye mitumbwi, anaamini kwamba fedha zote zinazorushwa angani ni ubadhirifu wa mataifa yaliyoshiba, na wakati anayasema hayo kifaa chake cha GPS kilikuwa mfukoni.

Historia inampa nusu ya haki. Mwaka 1957, Umoja wa Kisovyeti uliporusha Sputnik, wanasayansi wawili wa Marekani, William Guier na George Weiffenbach, waligundua kwamba kwa kusikiliza jinsi sauti ya setilaiti ile inavyobadilika wangeweza kujua iko wapi. Muda si mrefu wazo likageuzwa, kwamba anayejua setilaiti iko wapi anaweza kujua yeye mwenyewe yuko wapi. Setilaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa mwaka 1978 na mfumo ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Aliyeugharimia ni mlipakodi wa Marekani, kupitia wizara ya ulinzi na kwa sababu za kivita, wala si kwa ajili ya wavuvi wa sangara. Baada ya ndege ya abiria ya Korea kutunguliwa mwaka 1983 ilipopotea njia na kuingia anga ya Kisovyeti, Rais Ronald Reagan aliahidi mfumo huo kwa matumizi ya raia wa dunia nzima, lakini mawimbi ya raia yaliendelea kuharibiwa kwa makusudi, kiasi cha kosa la hadi mita 100, mpaka Rais Bill Clinton alipoamuru uharibifu huo ukome mwaka 2000. Kwa kosa la mita 100, gizani, boya halionekani.

Kwa hiyo wanaosema kwamba GPS ni tunda la safari za mwezini wanachanganya mafungu ya bajeti. Apollo, mpango wa safari hizo, uligharimu takriban dola bilioni 25 za wakati ule, na mwaka 1966 shirika la anga la NASA lilikuwa likitumia zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali ya Marekani. Leo halifikii hata nusu ya asilimia moja. Mtu anaweza kuupinga uchunguzi wa anga za mbali bila kuigusa GPS. Lakini akitaka mfano wa manufaa yaliyotoka angani moja kwa moja, atazame taa za wavuvi wa dagaa: seli za sola, zilipokuwa ghali mno kwa matumizi mengine, zilipata mteja katika setilaiti, kuanzia Vanguard 1 ya mwaka 1958, na leo ndizo zinazochaji taa zilizochukua nafasi ya karabai katika mitumbwi mingi.

Swali la kiuchumi lililo gumu zaidi ni kwa nini Marekani haitutozi. Kipokezi chetu kinasikiliza tu, hakitumi chochote, na mvuvi mmoja akiongezeka hapunguzi mawimbi ya mwingine wala hamwongezei mwenye setilaiti gharama. Huduma ya namna hiyo ni ngumu kuuza, na Ulaya iliyaona hayo kwa vitendo. Mfumo wake wa setilaiti wa namna hiyohiyo, Galileo, ulipangwa kujengwa kwa ubia na kampuni binafsi, mpango huo ukavunjika mwaka 2007, na Umoja wa Ulaya ukalazimika kuubeba kwa fedha za umma. Mwekezaji gani angekubali kuweka mabilioni katika huduma ambayo jirani anaigawa bure? Utafiti wa RTI, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba GPS imeuletea uchumi wa Marekani manufaa ya takriban dola trilioni 1.4 tangu miaka ya 1980, na makadirio hayo hayahesabu mafuta ya injini yaliyookolewa huku kwetu. Intaneti ya setilaiti ni habari nyingine, kwa sababu kila mteja anakula sehemu ya uwezo wa mtambo na anaweza kukatiwa asipolipa. Ndiyo maana kampuni binafsi zimeikimbilia, hasa baada ya roketi zinazotua na kutumika tena kushusha gharama za urushaji.

Kodi yetu wenyewe ndiyo iliyonishangaza. Nyuzi za kushonea nyavu na injini za kupachika zimewekewa nafuu ya kodi, na serikali imelitangaza hilo mara nyingi, kwa hoja ya haki kwamba ni zana za uzalishaji. Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ya kifaa hiki, kwa upande wake, ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kama redio ya sebuleni. Ughaibuni wanabishana kuhusu kodi ya roboti, yaani kutoza mashine zinazochukua kazi za watu: Bill Gates aliipendekeza mwaka 2017, Bunge la Ulaya likaikataa mwaka huohuo, na Korea Kusini ikachagua kupunguza nafuu ya kodi kwa wanaowekeza katika mitambo inayojiendesha. Kwetu kodi hiyo tayari ipo bila kutungiwa jina, na inamwangukia mwenye mtumbwi mmoja, wakati kampuni ya nje inayouza huduma za kidijitali bila kuwa na ofisi nchini inatozwa asilimia 2 ya mauzo yake tangu Julai 2022.

Sisemi kwamba mashine haziondoi kazi. Nahodha mwenye kumbukumbu ya ziwa zima alikuwa akidai fungu kubwa, na alistahili. Kijana mwenye kifaa sasa anaweza kuomba nafasi ileile kwa fungu dogo, na tajiri asiye na aibu atamkubalia. Sidhani, hata hivyo, kwamba tiba ni kukitoza kifaa. Cha kuangalia ni hesabu ya mwaloni. Katika mitumbwi mingi mafuta na chakula hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Kifaa kinapunguza mafuta yanayoteketea kwa kuzunguka kutafuta maboya, kwa hiyo kinakuza fungu la kugawana. Lakini tajiri akiingiza bei ya kifaa katika gharama za safari, wavuvi watakuwa wamenunua mashine isiyo yao na inayodhoofisha dai la nahodha wao. Sisi tulikilipia kutoka fungu la chombo, akiba ya mafuta tukaiacha igawanywe kama kawaida, na mzee tukambakishia fungu lake, maana mkondo bado ni yeye anayeujua.

Duka tulilonunulia sitalitaja, kwa kuwa lilikuwa na mema na mabaya. Risiti walitoa bila kuombwa na walituonyesha namna ya kuweka alama. Tulipokirudisha kwa sababu ya kitufe kilichokwama, tulizungushwa siku kadhaa kabla ya kubadilishiwa, na bila risiti nadhani tusingebadilishiwa kabisa.

Kwa mtumbwi wenye injini unaotega mbali na nchi kavu, nashauri kinunuliwe, hata kwa bei hiyo. Kwa mwenye kasia, au anayevua sato kando ya matete, fedha hiyo ianze kwenye majaketi okozi. Mnunuzi aulize kama kifaa kinapokea setilaiti za mifumo zaidi ya mmoja, kwa kuwa kinachosikiliza GPS na Galileo kwa pamoja kina setilaiti nyingi zaidi za kuchagua na tofauti ya bei si kubwa. Kisha akiwashe nje ya duka, si ndani chini ya bati, na asubiri kimpe mahali kabla ya kutoa fedha.