The Street Fighter (1974): Filamu Moja Inayotosha Kuununua Mkusanyo Mzima

Mkusanyo wa diski za Blu-ray uliotolewa na kampuni ya Shout! Factory mwaka 2019 una filamu tatu za The Street Fighter, zote kazi za studio ya Toei zilizoonyeshwa Japani mwaka 1974. Ya kwanza, iliyoongozwa na Shigehiro Ozawa, ndiyo iliyoacha alama.

Sonny Chiba, aliyefundishwa karate ya mtindo wa Kyokushin na mwanzilishi wake, Masutatsu Oyama, anaigiza Takuma Tsurugi, mamluki asiyemtumikia yeyote bila malipo. Anamtorosha Junjo, mfungwa aliyehukumiwa kunyongwa, na ndugu wa mfungwa huyo wanaposhindwa kumlipa, wa kiume anapoteza maisha katika purukushani na wa kike anauzwa kwenye danguro. Mtazamaji aliyezoea shujaa anayelipiza kisasi cha mwalimu wake hapati hapa mtu wa kumshangilia kwa moyo mweupe, na kwangu huo ni ujasiri mkubwa kuliko damu yote inayomwagika.

Damu hiyo, hata hivyo, ndiyo iliyoipa filamu jina. New Line Cinema ilipoisambaza Marekani, ilipewa daraja la X, yaani ya watu wazima tu, kwa sababu ya ukatili peke yake, na baadaye likazunguka toleo lililopunguzwa sana. Katika pigano moja ngumi ya Tsurugi inashuka utosini mwa adui, picha inageuka ghafla kuwa ya eksirei, na tunaliona fuvu likipasuka. Mbinu hiyo ya kuonyesha mifupa ikivunjika ndani ya mwili ilionekana tena katika Romeo Must Die ya mwaka 2000 na katika mchezo wa video wa Mortal Kombat wa mwaka 2011. Mwongozaji wa Marekani Quentin Tarantino naye hakuficha mapenzi yake: mhusika mkuu wa True Romance (1993), filamu aliyoiandika yeye, anakwenda sinema kutazama filamu tatu za Chiba kwa mkupuo, mbili za kwanza za mfululizo huu na Sister Street Fighter, na miaka kumi baadaye akampa Chiba nafasi ya mfua panga Hattori Hanzo katika Kill Bill.

Wachache humtaja Etsuko Shihomi, anayeigiza yule dada aliyeuzwa. Alitoka katika Japan Action Club, chama alichokianzisha Chiba mwaka 1970 kufundisha waigizaji wa mapigano, na mwaka uleule wa 1974 akawa nyota wa Sister Street Fighter. Kumwona mwanamke akiongoza filamu ya karate wakati ule halikuwa jambo dogo.

Filamu mbili zinazofuata ni dhaifu, na ya pili inarudia mno picha za ya kwanza. Anayenunua achague sauti ya Kijapani, kwa sababu pumzi nzito anazozivuta Chiba kabla ya kupiga ni nusu ya uigizaji wake. Watoto wasiitazame kabisa.