TAHADHARI: Muuza safari za meli ya Mexico aliyetuacha gatini San Pedro

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa huku California, naandika bado nina hasira, mnivumilie. Kuna jamaa anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya akiuza nafasi za meli za kitalii za pwani ya Mexico. Sisi ametupiga. Jumamosi ya tarehe 20 Desemba 2025 tulifika bandari ya Los Angeles, pale San Pedro, watu wanane wa familia moja, na mabegi, na fulana za kufanana, na bibi wa watoto aliyetoka Pangani kuja kula Krismasi nasi. Tukaambiwa majina yetu hayamo melini.

Jina lake silitaji. Anatumia zaidi ya moja, na shauri liko polisi, sitaki kulivuruga. Ninachotaka mkijue ni jinsi alivyofanya, maana huu si utapeli wa barua pepe ya urithi. Nilihakiki. Nilijiona mjanja kabisa. Bado nikaingizwa mjini.

Ilianza Aprili. Tangazo zuri: siku saba, kutoka Los Angeles, mnateremka Cabo San Lucas, Mazatlán na Puerto Vallarta, mnarudi tarehe 27. Dola 855 kwa kichwa, chakula ndani, na unalipa kwa awamu kama mchezo wa kikoba. Nikampigia. Kiswahili chake safi, mtu wa heshima, "dada" kila sentensi mbili. Siku ya simu ya video alimuamkia mama mkwe shikamoo, akamuuliza habari za Pangani kana kwamba aliondoka huko juzi. Mama akampenda palepale. Mama huyu bahari anaijua tangu utoto, lakini meli alishapanda moja tu, ya kwenda Unguja, na alitapika njia nzima. Yule bwana akamhakikishia kwamba meli hizi ni kubwa, hutasikia wimbi.

Nikamwambia zaidi ya malipo ya awali sitoi kitu mpaka nione namba ya buking. Akasema hakuna shida. Tukatuma dola 250 kwa kila mtu, jumla 2,000, na siku mbili baadaye namba ikaja. Nikaiingiza mwenyewe kwenye programu ya simu ya kampuni ya meli. Majina yetu yote manane yakatokea, vyumba vitatu, ghorofa ya saba. Nikampigia mume wangu kazini: jamaa ni wa kweli. Tangu siku hiyo sikushtuka tena. Kila mwezi nilituma awamu kwa Zelle, huduma ya kutumiana fedha moja kwa moja kati ya akaunti za benki, tukamaliza mwishoni mwa Agosti.

Sasa sikilizeni hapa. Ile buking ilikuwa ya kweli. Aliifungua kwa kampuni halisi, akalipia malipo ya awali kwa kadi yake. Kampuni nyingi za meli hutaka umalizie deni siku kama 75 hadi 90 kabla ya safari, na kabla ya siku hiyo unaweza kufuta na malipo ya awali yakarudi, kama hukununua nafasi za bei isiyorudishwa. Yeye alingoja tumalize kumlipa, kisha wiki ya pili ya Septemba akafuta. Malipo ya awali yakarudi kwenye kadi iliyolipia, yaani yake. Kwa hiyo hakupoteza hata senti, akabaki na 6,840 zetu zote.

Mbona sikuona kwamba imefutwa? Kwa sababu alinizuia kwa maneno matamu. Septemba hiyohiyo alituandikia kwamba sasa ametuhamishia kwenye kundi kubwa la Waafrika Mashariki, tusiingieingie kwenye programu, tutavuruga mpangilio wa vyumba na meza za chakula. Akatuma faili zenye pasi za kupandia na lebo za mabegi, zimepambwa vizuri kushinda za kweli. Nikazichapa, nikazibana kwenye mabegi kwa steplasi. Tangu hapo programu sikuifungua tena mpaka siku ya safari.

Siku yenyewe sitaki kuirefusha. Tulipiga picha, daraja la Vincent Thomas nyuma yetu, watoto wakashangaa ile manowari ya zamani, USS Iowa, iliyotiwa nanga jirani. Kwenye kaunta, mama mmoja mpole akajaribu pasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaandika ile namba ya Aprili kwa mkono. Akasema namba hii ilikuwapo, ilifutwa Septemba. Nikamwomba atuuzie nafasi yoyote. Hakuna, wiki ya Krismasi meli imejaa. Mama mkwe, ambaye Kiingereza hakijui, akaniuliza, "Anasemaje, mwanangu?" Nikamjibu imejaa. Ndiyo habari aliyokuwa nayo mpaka tulipofika nyumbani.

Sasa nijiseme mwenyewe, maana dalili zilikuwapo na mimi nikazipita.

Ya kwanza ni bei. Wiki ya Krismasi na mwaka mpya ndiyo ghali kuliko zote, shule zimefungwa na kila mtu anataka kusafiri. Bei yake ilikuwa sawa na ya mwanzoni mwa Desemba, wakati meli zinatafuta watu.

Ya pili nilioneshwa kabisa. Nina mwenzangu kazini ambaye kwao ni Mazatlán. Novemba nilimwonesha kwa mbwembwe karatasi ya ratiba. Akacheka. Iliandikwa kwamba Cabo San Lucas meli inafunga gati na mnatembea kwa miguu hadi kwenye lile tao la mwamba, El Arco. Akaniambia Cabo meli kubwa hazifungi gati, zinatia nanga nje na abiria wanashushwa kwa boti ndogo, na kwenye tao lenyewe watu huenda kwa boti. Chini yake kulikuwa na matembezi ya siku moja kutoka Puerto Vallarta kwenda kuona piramidi ya Chichén Itzá. Chichén Itzá iko Yucatán, upande wa pili wa nchi, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara. Ni sawa na mtu akushushe Tanga asubuhi akuahidi utaiona Kigoma na kurudi kabla ya magharibi. Nami nikasema labda kakosea kuandika. Mtu ukishalipa unakuwa wakili wa aliyekuibia.

Ya tatu ni ada za pembeni. Oktoba alidai dola 42 kwa kila mtu, "kodi mpya ya Mexico". Ujanja wake ni kwamba habari hiyo ina mzizi: mwishoni mwa 2024 bunge la Mexico lilipitisha kweli kodi ya dola 42 kwa abiria wa meli. Lakini baada ya kampuni za meli kulalamika, ilianza Julai 2025 kwa dola 5 tu, na huingizwa kwenye kodi na ada za tiketi, haikusanywi na wakala kwa Zelle. Tukampa 336 nyingine. Juu yake akachukua 180 za "viza ya Mexico ya mama". Mama ana viza hai ya Marekani, na Mexico haimdai viza mtu mwenye viza hai ya Marekani. Hilo lipo wazi kwenye kurasa za ubalozi wao. Sikusoma.

Na kuna jambo ambalo bado linaninyima usingizi. Mke wa shemeji yangu ana maombi ya Green Card (ukaazi wa kudumu) ambayo hayajajibiwa, na hana kibali cha kutoka na kurudi. Alimuuliza huyu bwana mbele yangu kama anaweza kwenda. Akajibiwa, "Dada, meli inarudi Los Angeles ileile, hiyo haihesabiki kutoka nchini." Uongo mtupu! Ukishuka Mexico umetoka Marekani, na kwa kawaida anayetoka bila kibali hicho wakati maombi yanasubiri huhesabiwa ameyaacha. Fedha zetu zimekwenda, lakini kama meli ingetuchukua, yule dada angepoteza makubwa kuliko sisi wote. Maswali ya makaratasi muulizeni wakili wa uhamiaji, si muuza tiketi.

Benki yetu kuhusu Zelle ilijibu kwa ufupi: mlituma wenyewe, kwa hiari yenu. Shemeji peke yake alilipa awamu mbili kwa kadi ya mkopo kupitia kiungo alichotumiwa, na huyo ndiye mwenye matumaini. Amepinga malipo yale kwa maandishi. Sheria inataja siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye malipo hayo, na wakati mwingine benki hupokea hata baadaye kama huduma ilikuwa ya tarehe ya mbele, kwa hiyo msikate tamaa kabla ya kuuliza. Tumeripoti pia FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, kwenye reportfraud.ftc.gov, na kitengo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni, ic3.gov.

Kitu kingine nilichojifunza kwa gharama: California inamtaka kila anayetuuzia safari ajiandikishe kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, hata akiwa anauza kutoka jimbo jingine. Namba ya usajili huanza na CST na inatakiwa ionekane kwenye tangazo lake. Unaitafuta kwenye tovuti ya ofisi hiyo, ni bure. Florida na jimbo la Washington nako kuna usajili wa namna hiyo. Wa kwetu hakuwa na namba yoyote, alikuwa na picha ya profaili akiwa kwenye sitaha ya meli na miwani ya jua.

Halafu, baada ya kulalamika kwenye kundi letu, watu wawili wamenifuata faragha wakidai wana njia ya kurudisha fedha, nitangulize dola 200 za "kufungua faili". Hao ni walewale au ndugu zao. Mkifuatwa, zuieni namba.

Nimechelewa kuandika kwa aibu, sasa naharakisha kwa sababu nimeona anatangaza tena, meli ileile, likizo ya Pasaka. Pasaka ya 2026 ni tarehe 5 Aprili. Hesabuni siku 90 kurudi nyuma: siku ya kumalizia malipo, na kwake siku ya kufuta, ni Januari 2026. Kama umemlipa mtu wa namna hii, usimpigie simu yeye. Piga kampuni ya meli kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, si aliyokupa yeye, taja buking yako na waulize mambo matatu: bado ipo, imelipiwa kiasi gani mpaka leo, na deni lililobaki ni la nani kulipa. Wakikwambia imelipiwa malipo ya awali tu na wewe umeshamaliza, unajua uko wapi. Fanya leo, na ukikuta ni yeye niandikie faragha nikupe namba ya ripoti yetu ya polisi uiambatanishe na yako.